Oktoba Iliyochelewa Kufika Ukunda

Wanaoandika historia ya gemu za video hupenda kuihesabu kwa miezi, na mwezi unaowapa kazi kubwa ni Oktoba. Tarehe 18 Oktoba 1985 Nintendo iliingiza mashine yake ya NES katika maduka ya New York kwa majaribio. Tarehe 29 Oktoba 1988 Sega ikatoa Mega Drive huko Japani. Tarehe 26 Oktoba 2000 PlayStation 2 ikaanza kuuzwa Marekani. Oktoba iliyofuata ikaja GTA III, ya 2002 ikaja Vice City, na tarehe 26 Oktoba 2004 ikaja San Andreas. Juu ya hayo, kila Oktoba kuanzia 2002 hadi 2009, Konami ilitoa Ulaya toleo jipya la gemu yake ya kandanda, PES, bila kuruka hata mwaka mmoja.

Sababu ni ya kibiashara tu. Kampuni hutaka diski ziwe dukani kabla ya Krismasi, na gemu ya kandanda haifai kutoka Mei, ligi zikiwa zimekwisha. Inangoja dirisha la usajili lifungwe mwisho wa Agosti, majina yapangwe, diski zichapishwe. Hesabu hiyo ikifanywa, mtu anajikuta yuko Oktoba.

Kalenda hiyo lakini ni ya Tokyo, London na Los Angeles. Mhadhara huu unaitazama Oktoba hiyohiyo kutoka upande wa kusini wa kivuko cha Likoni: Ukunda, Diani, Msambweni, mpaka Kwale mjini kule juu karibu na Shimba Hills. Huku gemu haikutoka, ilifika, na ikafika wakati wake yenyewe. Ikishafika, bei ya mechi moja katika kibanda cha gemu ndiyo iliyoamua kama itadumu au itatupwa kapuni. Waandishi wa magazeti ya Ulaya waliotoa alama tisa na kumi hawakuulizwa.

Oktoba ya pwani ya kusini ina mambo yake. Kusi imeshalegea, kaskazi haijaingia, na wavuvi wako katika majira ya tanga mbili. Wafanyakazi wa hoteli wa kandarasi wanahesabu wiki zilizobaki kabla ya wageni wa Desemba. Shuleni ni muhula wa tatu, na watahiniwa wanachungwa kama mboni ya jicho. Hadi katiba ya 2010, mwezi huu ulikuwa na sikukuu mbili za taifa, ya Moi tarehe 10 na ya Kenyatta tarehe 20, siku ambazo mwenye kibanda cha gemu alifungua mapema akafunga usiku. Ya pili ndiyo Mashujaa ya leo, iliyosherehekewa kitaifa katika uwanja wa Kwale mwaka 2024. Katika miaka ya katikati ya 2000 pakaongezeka jambo jingine: Ramadhani ilikuwa inapita humohumo. San Andreas ilipoingia madukani Marekani, Waislamu wa Diani walikuwa wamefunga. PES 6 ilitoka Ulaya Ijumaa ya tarehe 27 Oktoba 2006, wiki ileile ya Idi. Mtoto wa Kidigo aliyekuwa na pesa za Idi mfukoni juma hilo alizimaliza kwenye toleo la mwaka uliotangulia, kwa sababu jipya lilikuwa bado liko ng'ambo.

Ilifikaje? Njia zilikuwa nyingi, zote zikipitia bandarini au kwenye begi la mtu. Mashine zilizotumika ziliingia Mombasa pamoja na runinga na redio za mtumba kutoka Dubai. Nyingine zilikuja na ndugu aliyeolewa Ujerumani au Uswisi, jambo la kawaida katika mji unaoishi kwa watalii. Diski halisi lilikuwa adimu. Lililotembea ni lile lililochomwa, likiandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito, na mashine ikawekwa chipu na fundi ili ikubali kulisoma. Kwa hiyo tarehe ya kutoka gemu kwa Ukunda ilikuwa siku ambayo kijana alivuka feri na bahasha ya diski kutoka Mombasa. Siku hiyo haikuandikwa popote, na ndiyo maana historia hii ni ngumu kuisimulia kwa tarehe.

Oktoba ya 2000 yenyewe inafaa kutazamwa kidogo. Wakati Wamarekani wanapanga foleni kununua PS2, Kenya ilikuwa katika mgao wa stima kwa sababu ya ukame uliokausha mabwawa ya mto Tana. Vibanda vilivyokuwapo vilikuwa bado na PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu, na hata hiyo ilihitaji huruma. Kichwa chake cha leza kilitembea juu ya reli ya plastiki iliyokaa karibu na sehemu inayopata moto. Reli ikipinda au ikilika, leza inainama na diski halisomeki. Dawa iliyojulikana dunia nzima ilijulikana Ukunda pia: pindua mashine, ikae miguu juu. Ikipinduliwa, uzito unaangukia upande mwingine, leza inarudi mahali pake, na gemu inafunguka. Hewa ya chumvi na joto la bati havikusaidia. Kuna watu wa pwani hii wenye umri wa miaka arobaini ambao hawakumbuki kuiona PlayStation ikiwa imekaa wima.

Sasa shilingi. Kibanda cha gemu kinauza kitu kimoja, nacho ni muda kwenye skrini, lakini hakiuuzi kwa saa. Kinauza kwa mechi. Tuseme skrini moja, mechi iliyopangwa dakika kumi, na bei ya mbao, yaani shilingi ishirini, inayolipwa na aliyefungwa. Dakika hizo kumi, pamoja na kuchagua timu na kupanga kikosi, hufika kama kumi na mbili, hivyo saa moja inatoa mechi tano na shilingi mia. Ukiipanga dakika tano, zinaingia mechi nane na shilingi mia na sitini. Mwenye gemu hahitaji kalamu kujua lipi ni bora. Na kwa kuwa anayefungwa ndiye anayetoka na ndiye anayelipa, benchi lote linalongojea ni wateja ambao tayari wameshapanga foleni.

Bei hiyo ndiyo iliyochagua gemu bora za pwani ya kusini. Mfano mzuri uko katika Oktoba ya 2005. Mwezi huo zilitoka gemu mbili za PS2 zenye sifa kubwa. Moja ni Shadow of the Colossus, kazi ya Fumito Ueda na wenzake, iliyoanza kuuzwa Marekani tarehe 18. Kijana mmoja na farasi wake wanavuka nchi tupu kuwatafuta majitu kumi na sita, mmoja baada ya mwingine, na sehemu kubwa ya safari ni kimya. Wataalamu wengi wa sanaa hii huihesabu miongoni mwa gemu nzuri zilizowahi kutengenezwa, na pengine wana haki. Nyingine ni PES 5. Hebu mtu aipeleke ile ya kwanza kwenye kibanda cha kituo cha matatu. Mchezaji mmoja, padi moja, dakika kumi za kupanda farasi bila kutokea chochote, watu wanane nyuma yake wanauliza inaisha lini. Haiishi leo. Hakuna wa kufungwa, basi hakuna wa kulipa. PES 5 ililala na kuamka katika mashine mpaka diski likachakaa.

Kitu kingine kilichozaliwa na bei hiyo ni ugomvi wa marudio. Goli likifungwa, PES huonyesha tena lilivyoingia, kutoka nyuma ya lango, kisha kutoka pembeni. Saa ya mechi haihesabu wakati huo, lakini saa ya ukutani inahesabu. Aliyefunga anataka marudio yote, polepole, mshindani wake ayatazame vizuri. Mwenye gemu, akiwa amekaa kwenye kreti la soda mlangoni, hata bila kugeuka, anapaza sauti: "Ruka! Ruka hiyo!" Anayekataa kubonyeza anaambiwa mechi ijayo ni pesa mkononi kwanza. Wapo waliojifunza kubonyeza X haraka kiasi kwamba hata nyumbani kwao, miaka mingi baadaye, hawawezi kuangalia goli lao likirudiwa.

PES 6 ndiyo iliyokaa muda mrefu zaidi, na sababu zake zimo ndani ya gemu yenyewe. Shingo Takatsuka, aliyejulikana zaidi kwa jina la Seabass, na kundi lake la Konami mjini Tokyo walikuwa wameupata ule uzito wa mpira ambao FIFA ya wakati huo haikuwa nao: pasi iliyokosewa kidogo inakosea kidogo, na mlinzi aliyechoka anachelewa. Halafu kulikuwa na Adriano wa Inter Milan, ambaye shuti lake la mguu wa kushoto kutoka umbali wa mita thelathini lilikuwa karibu na uonevu. Vibanda vingi vikatunga sheria. Pengine Inter ilipigwa marufuku, pengine iliruhusiwa lakini Adriano akae benchi, pengine anayeichagua alipe hata akishinda. Takatsuka hakuziandika sheria hizo. Zilitungwa na mabishano, kama zile za karata.

Konami haikuwa na leseni ya timu zote za Uingereza. Liverpool iliitwa Merseyside Red, Chelsea ikaitwa London FC, na ligi ya Ujerumani haikuwamo kabisa. Hilo lilikuwa tusi kwa mashabiki wa mji unaojaa jezi za Liverpool kila Jumamosi. Dawa ilikuwa katika memori kadi ya megabaiti 8: mtu mwenye subira aliingia sehemu ya kuhariri, akaandika majina ya timu na wachezaji herufi moja moja kwa padi, akabadilisha rangi za jezi, akahifadhi. Kazi ya usiku mzima. Memori kadi ya namna hiyo ilikuwa mali. Iliazimwa kwa masharti, ikanakiliwa kwenda kadi nyingine, na kibanda kilichokuwa na Liverpool yenye jina lake kilikuwa na wateja ambao jirani yake hakuwa nao.

Timu ya taifa ya Kenya haikuwamo katika PES 6, na vijana wa Kenya walizoea kucheza na Ivory Coast au Ghana wakizifanya zao. Kisha mwanzoni mwa 2010 McDonald Mariga akahama Parma kwenda Inter, Mei mwaka huo Inter ikatwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya, na matoleo ya kandanda yaliyotoka mwanzoni mwa Oktoba 2010 yakamleta Mkenya mwenye jezi ya Inter ndani ya skrini. Uwezo wake kwenye gemu ulikuwa wa wastani. Alipangwa hata hivyo, katikati, na wachezaji ambao wangefungwa kwa ajili yake na kulipa bila manung'uniko makubwa.

San Andreas ilivunja kanuni ya mechi, na inastahili maelezo yake. Ni gemu ya mtu mmoja, ndefu, ya CJ anayerudi Los Santos kumzika mama yake, na kwa hesabu ya kibanda ilipaswa kufa pamoja na farasi wa Ueda. Haikufa. Iliuza zaidi ya nakala milioni 17 za PS2, hakuna gemu nyingine ya mashine hiyo iliyoifikia, na mashine yenyewe iliuza zaidi ya milioni 155. Katika vibanda iliuzwa kwa nusu saa. Aliyelipa alishika padi, na wengine wote walitazama bure huku wakimwelekeza: pita kushoto, ruka ukuta, chukua ile pikipiki, polisi hao. Mwenye gemu alivumilia watazamaji kwa sababu mmoja wao ndiye atakayenunua nusu saa inayofuata.

Wengi hawakuifuata hadithi hata hatua tano. Memori kadi ilikuwa moja kwa watu arobaini, na aliyehifadhi safari yake jana aliikuta leo imefutwa na mwingine. Nani atarudia mara ya saba ile kazi ya kufukuza gari-moshi kwa pikipiki? Badala yake walijifunza chiti, ule mfuatano wa vitufe unaofungua mambo. R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu: afya inajaa, fulana ya kuzuia risasi inavaliwa, na dola laki mbili na nusu zinaingia mfukoni. Mifuatano kama hiyo ilinakiliwa nyuma ya madaftari ya hesabu na kufichwa mwalimu asiione, na mtoto aliyekuwa nayo mingi aliruhusiwa kukaa karibu na skrini hata akiwa hana senti. Kifaru, ndege ya kuvaa mgongoni, nyota za polisi kufutika, vyote kwa vidole na kumbukumbu. Mwalimu wa madrasa aliyelalamika kwamba watoto hawawezi kuhifadhi angepata hoja ya kujibu hapo.

Malalamiko yenyewe yalikuwa na msingi. San Andreas ni gemu ya watu wazima, na mwaka 2005 sehemu ya ngono iliyokuwa imefichwa ndani yake iligunduliwa, ikabidi huko Marekani gemu ipandishwe daraja Julai mwaka huo iwe ya watu wazima pekee. Katika kibanda cha mabati diski lililochomwa halina lebo ya umri. Kenya ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na bodi ya kuainisha filamu, na machifu wamekuwa wakifanya misako hasa dhidi ya watoto wenye sare za shule saa za masomo. Mlinzi wa kweli wa mlango lakini alikuwa mwenye gemu, ambaye kodi yake ya chumba ilitoka kwa watoto haohao. Aliyekuwa na busara aliwafukuza asubuhi akawapokea jioni. Wapo ambao hawakuwa na busara, na wazazi wa Msambweni na Ukunda walikuwa na haki ya kuwaona kama adui.

Wasichana hawakuonekana sana kwenye mabenchi hayo. Mji ambao mama anamuuliza binti yake amechelewa wapi haumpi nafasi ya kungoja zamu yake ya padi hadi saa mbili usiku kati ya wanaume. Hilo linafaa kukumbukwa anapotajwa Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, Mkenya aliyesajiliwa mwaka 2018 na timu ya kimataifa ya XiT Gaming kucheza Tekken. Tekken nayo ni gemu ya kibanda kwa asili: watu wawili, dakika mbili tatu, mshinde atoka.

Kipimo hichohicho cha shilingi kinaeleza kwa nini gemu za Wakenya wenyewe hazikupata benchi. Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na Black Division Games ya Andrew Kaggia ikatoa Nairobi X mwaka 2015, ambamo viumbe wa anga wanaivamia Nairobi. Zote ni kazi za kujivunia, na zote zilikuwa za mtu mmoja mbele ya kompyuta. Kibanda hakikuwa na kompyuta, na kama ingekuwapo, kingetaka padi ya pili.

Huko Rochester, New York, kuna jumba la makumbusho ya michezo lenye orodha ya heshima ya gemu za video iliyoanza mwaka 2015. GTA III, ya Oktoba 2001, iliingizwa mwaka 2016. PES haimo. Kwa wanaohesabu mchango wa gemu kwa tasnia nzima, uamuzi huo unaeleweka. Kwa mtu anayehesabu saa ambazo padi ilikuwa mkononi mwa mtu pwani ya Kenya, orodha hiyo ina pengo kubwa pale juu kabisa.

Ilichukua muda, lakini ipo Oktoba iliyofika siku yake. Tarehe 1 Oktoba 2019 Call of Duty: Mobile ilitolewa kwa simu katika nchi nyingi kwa mpigo, bure, na kijana wa Diani angeweza kuipakua asubuhi ileile ambayo kijana wa London aliipakua. Angeweza, kama simu yake ina nafasi na bando linatosha. Gemu ilikuwa nzito, na simu nyingi za bei nafuu ziliipakua nusu zikakataa. Walioajiriwa hotelini walikuwa na waifai ya kazini. Wengine walingoja rafiki mwenye bando la usiku. Siku kadhaa za kuchelewa zikarudi kwa mlango mwingine, ingawa hazikuwa tena miezi.

Kandanda, kwa upande wake, imeuhama mwezi huu. FIFA nyingi zilishakuwa za mwisho wa Septemba kwa miaka mingi kabla ya kampuni ya EA kuachana na jina hilo na kutoa EA Sports FC 24 tarehe 29 Septemba 2023. PES iligeuzwa eFootball Septemba 2021, ikawa ya bure, ikisasishwa kupitia intaneti bila toleo la kununua kila mwaka. Vibanda vya Ukunda vina PS4 sasa, na wateja bado wanasema wanakwenda kupiga FIFA, hata kama kwenye skrini limeandikwa jina jingine. Wengi wa wenye vibanda hawanunui toleo la kila mwaka. Ukiingia kwenye chumba chenye FIFA 18, iliyotoka Septemba 2017, utamkuta Ronaldo bado yuko Real Madrid, na mwenye gemu haoni kwa nini amhamishe maadamu mbao inaingia.